Mboga za Wifi Yangu

Mwezi jana tulimzika wifi yangu Nekesa, dada ya mume wangu, nyumbani kwao Chwele upande wa Bungoma. Mvua ilikuwa imetutishia tangu asubuhi na hema lilikuwa limejaa. Shemeji yangu Wafula, ambaye hajawahi kupewa kipaza sauti akakirudisha kwa hiari yake, alisimama kumsifu marehemu. Alisema dada yake alikuwa mpishi ambaye angeweza kumfungulisha hata mtu aliyeapa kufunga. Kisha akasema, "Kuna kazi moja alifanya jikoni kwa Simiyu huko Kitale, mpaka leo nikikumbuka nacheka. Shemeji yetu ameketi hapa, anaijua." Watu wakacheka, kile kicheko cha matanga kinachokuja kwa sababu watu wamechoka kulia. Mume wangu Simiyu alicheka pia, halafu akanitazama, akaacha. Mimi sikucheka. Nilimpenda Nekesa na nilimlilia kwa machozi yangu mwenyewe, lakini hasira niliyoisikia pale chini ya hema ilikuwa mbichi, kama ya juzi. Ndipo nikaamua kuueleza mwaka ule wa jiko la Kitale kwa kinywa changu. Naona katika familia umegeuka kuwa kichekesho, na jambo likishakuwa kichekesho hakuna anayeuliza nani aliumia.

Nilikuwa na miaka arobaini na tisa. Nilikuwa na duka la pembejeo pale Kitale mjini, mbegu, mbolea, dawa za kupe na chakula cha ng'ombe, na wateja wangu walitoka Saboti, Moi's Bridge na kwingineko. Goti langu la kulia lilikuwa limeanza kulalamika kila nikipanda ngazi ya stoo. Januari nikaenda kliniki kwa ajili ya goti, wakanipima kila kitu, na daktari, dada mdogo mwenye miwani, akaniambia goti ndilo tatizo dogo kuliko yote. Presha ilikuwa juu. Sukari ilikuwa imefika mlangoni inabisha hodi. "Mama, punguza mwili," alisema. "Ukipunguza, huenda tukakwepa dawa. Usipopunguza, utaanza dawa na hutaziacha." Mimi nilimuuguza shangazi yangu aliyekuwa na sukari, na niliona ilivyomla mguu kuanzia kidoleni. Nilitoka pale nimeogopa kweli. Sikutaka kuwa mrembo, hilo lilishapita na sikulisikitikia. Nilitaka kubaki na miguu yangu miwili.

Nikaanza. Niliacha soda, chapati na sukari kwenye chai, na sukari ndiyo iliyoniuma zaidi, maana chai bila sukari wiki ya kwanza ni kama kunywa habari mbaya. Ugali nikaupunguza ukatoshea kiganjani. Mboga zangu nilizichemsha kwa nyanya na kitunguu na mafuta ya kijiko kimoja. Asubuhi nilitembea kutoka nyumbani hadi dukani badala ya kupanda boda, na kila Jumatatu kabla ya wateja kuja nilipanda kwenye ile mizani ya magunia. Mzee mmoja wa Saboti alinikuta siku moja nimesimama juu yake nimeshika pumzi. Akauliza, "Mama Naliaka, leo tunauza gunia ya nini?" Nikamwambia, "Ya mahindi mabovu, mzee, ndiyo maana bei imeshuka." Tulicheka. Nilikuwa na sababu ya kucheka, kwa sababu mizani ilikuwa inashuka. Polepole sana, lakini ilishuka. Msichana akiacha soda wiki moja sketi inamdondoka. Mwanamke wa umri wangu anaacha kila kitu kitamu duniani na mwili wake unamwambia ngoja nifikirie. Hata hivyo kufikia Pasaka sketi yangu ya kanisani ilikuwa inazunguka kiunoni, na kliniki walinipigia makofi.

Pasaka tulienda Chwele. Sikuzaliwa Mbukusu, kwetu ni Kachibora na ni watu wa kabila lingine, kwa hiyo hata baada ya miaka mingi ya ndoa nilikuwa bado nikipikiwa kuku nikifika, na kutazamwa nikimla. Mwaka ule nilikula kipande kimoja na mboga. Baadaye nikaenda kusuuza vikombe kwenye tangi nyuma ya jiko, na ukuta wa jiko la mama mkwe ni wa udongo, hauzuii neno. Nikasikia wanawake ndani. "Umeona shingo ya bibi ya Simiyu? Imebaki ya kuku." Mwingine akasema, "Ati ni daieti." Yule wa kwanza akacheka kwa pua. "Daieti ya wapi? Mtu mzima anakonda hivyo, ni njaa ama ni ule ugonjwa. Kama ni njaa, si ni bwana hamlishi? Halafu kama ni ugonjwa, ametoa wapi kama si kwa huyo huyo bwana?" Sikukasirika. Nilikuwa na furaha hata shingo ya kuku niliiona kama sifa. Tukirudi Kitale kwa gari nilimsimulia Simiyu maneno yale, nikiigiza na sauti zao, nikitegemea acheke. Hakucheka. Alishika usukani kwa mikono miwili hadi tukafika nyumbani. Nilidhani amechoka.

Wiki chache baadaye Nekesa akaja. Alikuwa mjane, watoto wake walishatoka nyumbani, na Simiyu aliniambia dada yake amechoka na upweke, atakaa nasi kidogo anisaidie nyumba kwa kuwa mimi nashinda dukani. Nilifurahi kuliko alivyojua. Alifika na begi moja, kuku wawili waliofungwa miguu na chungu cha udongo alichokipakata safari nzima. Aliniangalia juu hadi chini pale mlangoni. "Mulembe, mama. Wewe umekuwa kijiti! Sasa mimi niko, pumzika." Jiko langu lenye sinki na kabati za mbao alilivamia siku ile ile. Chungu kikapata mahali pake, na jioni nyumba ikaanza kunuka sagaa, kunde na mrenda, mboga ambazo mimi nilikuwa nazichemsha kwa haraka ya mtu mwenye duka. Nekesa hakuzichemsha. Alizibembeleza. Alizipika leo, akazilaza, akazipasha kesho, na zikifika mezani zilikuwa laini na nzito, zinashuka kooni zenyewe. Nilimwambia tangu mwanzo habari ya daktari, na kwamba mafuta ni kijiko kimoja. Nilipoonja nikamuuliza, "Nekesa, hujaongeza mafuta hapa?" Akaniangalia kama niliyemtukana. "Mafuta ya nini? Hiyo ni munyu tu. Sisi tunachoma maganda ya maharagwe, tunachuja jivu, ndio munyu. Inalainisha mboga. Nyinyi watu wa Kachibora mnakula majani mabichi kama mbuzi." Nikacheka, nikaongeza sahani. Asubuhi alinipikia uji wa wimbi bila sukari, na chakula changu cha mchana alikifunga kwenye hotipoti, kikafika dukani bado kinatoa mvuke.

Lazima niseme jinsi nilivyompenda, la sivyo mengine hayataeleweka. Jioni tuliketi sote watatu, Simiyu akisoma gazeti la jana, sisi wawili tukichambua mboga kwenye ungo. Alinifundisha kuvua nyuzi za kunde. Alinisimulia ndoa yake, mambo ambayo hakuwahi kumwambia mtu, nami nikamwambia yangu, jinsi nilivyokuwa naogopa kuisha kama shangazi. Mkono wake uliacha kuchambua kidogo niliposema hivyo. Kisha ukaendelea. Simiyu alikuwa pale pale, gazeti limemfunika uso.

Mwezi wa sita mizani ikasimama. Mwezi wa saba ikaanza kupanda. Niliikagua kwa gunia la mbegu ambalo uzito wake umeandikwa, nikakuta mizani haina kosa, kosa ni langu. Nikaacha ugali kabisa, na kwa kuwa tumbo lazima lijazwe, nikaongeza mboga. Kila mtu anakwambia mboga hazina hatia. Nilikula bakuli mbili, mara nyingine tatu, nikijipongeza. Jumatatu nikapanda mizani nikakuta nimeongezeka tena. Nilifunga Jumatano na Ijumaa kwa maombi, na siku hizo nilipofungua kwa mboga nilizila kwa njaa ya mtu aliyelima. Nilitembea mpaka goti likavimba. Kuna Jumatatu moja nilikaa chini juu ya ile mizani, milango ya duka bado imefungwa, nikalia kama mtoto. Nilikuwa nimeuamini mwili wangu miaka yote. Ulinizalia watoto na kunibebea mizigo. Sasa naupa kila kilicho chema, na wenyewe unanigeuka. Nilianza kuuchukia. Nilioga bila kujiangalia. Simiyu aliona yote. Jioni aliniletea maji ya moto nikakanda goti, akapiga magoti akanisaidia kukanda. "Pole, mama," alisema. "Miili haifanani. Usijitese sana." Nilidhani huo ni upendo, na ubaya wake ni kwamba ulikuwa upendo kweli.

Agosti akanisindikiza kliniki. Nilimwomba mwenyewe, kwa sababu nilikuwa naona haya kwenda peke yangu. Daktari yule wa miwani akaangalia vipimo, akavua miwani, akaweka kalamu chini. Presha ilikuwa imepanda zaidi, na sukari haikuwa mlangoni tena, ilikuwa imeingia sebuleni na kuketi. "Mama," alisema, "tuambiane ukweli. Unakula nini ambacho hunitajii?" Nikamwambia nakula mboga. Akatabasamu lile tabasamu la kumvumilia mtoto. "Mboga hazifanyi hivi, mama." Nikamgeukia mume wangu. Yeye aliishi nami, alikula meza moja nami, alikuwa shahidi niliyemleta kwa miguu yake. Simiyu aliangalia saruji ya sakafu. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Daktari, huko dukani kuna majirani wanaleta sambusa na nini. Labda huwa anaonja onja." Sikuwa nimeonja sambusa tangu Januari. Nilifungua kinywa kusema hivyo, nikachelewa. Daktari akatikisa kichwa kwa huruma, akaandika dawa. Ndizo ninazokunywa hadi leo. Njiani kurudi nikamuuliza Simiyu kwa nini alisema vile. Akasema, "Nilitaka tu asikukasirikie." Na mimi, Mungu anisamehe, nilianza kujishuku. Nilijiuliza kama labda kweli naonja bila kujua, kama mtu anayetembea usingizini.

Novemba ndipo mambo yakafunuka, na yalifunuliwa na lori la mbolea. Lilichelewa, likafika saa ya chakula, na likanikuta na wateja ambao kila mmoja alidai yeye ndiye wa kwanza. Hotipoti yangu mtu aliiondoa ili kupata meza, kifuniko kikamtoka, akaiacha wazi nyuma ya kaunta, na siku ile Kitale kulikuwa na baridi ya kuuma masikio. Nilipopata nafasi ya kuketi, jirani yangu Kulwant, Singasinga mwenye duka la vifaa vya ujenzi ambaye babu yake alizikwa mji ule ule, alikuwa ameingia na kikombe chake cha chai kama kawaida yake. Nikavuta bakuli. Mboga zilikuwa zimepoa, na kandokando yake kulikuwa na utando wa manjano umeganda, mnene kama nta ya mshumaa. Sikuwahi kuuona, kwa maana siku zote nilizila zikiwa moto. Nikaushika kwa kijiko. Kulwant akainama, akanusa, uso ukamchanua. "Aisee Mama Naliaka, wewe mchoyo bana! Mimi natafuta samli ya kweli Kitale nzima, kumbe wewe unakula peke yako. Hii ni ile ya zamani, mama yangu alikuwa anapika nyumbani. Nani anakutengenezea?" Nikamwambia hakuna samli pale, ni munyu. Akacheka. "Munyu inaganda? Mama, mimi nimekulia kwa samli. Hapa kuna nusu kikombe." Kisha akaona uso wangu, akaweka kikombe chake chini, akaondoka taratibu bila kuaga.

Nilifunga duka nikaenda nyumbani kwa miguu, na sikumbuki njia. Nekesa alikuwa jikoni anakoroga chungu. Sikumfokea. Nilifungua kabati la chini, lile alilosema ameweka unga humo ili kuku wasiufikie, nikakuta nyuma ya unga debe la samli, na kando yake karanga zilizosagwa, za uji. Nikaviweka mezani. Nekesa hakujaribu kukataa. Alifuta mikono kwa leso, akaketi. "Ni Simiyu alisema," alinijibu. "Alinipigia simu baada ya Pasaka. Ati bibi yake anaisha na watu wanasema. Akasema kuja uweke kidogo kidogo, asijue, mwili urudi. Mimi nikatae ndugu yangu? Na mgonjwa haulizwi uji." Nikamwambia, "Nilikuambia habari ya shangazi yangu. Nilikuambia hapa hapa." Akaanza kulia. "Siku hiyo nilitaka kuacha. Nilimwambia Simiyu, huyu mama anaogopa kweli. Akasema wewe endelea, daktari wa siku hizi wanatisha watu bure. Kwetu mtu hakondi kwa kupenda, mama. Sijawahi kuona." Nilimwamini. Kwake yeye samli ilikuwa dawa, na sahani tupu ndiyo iliyokuwa ugonjwa. Nilimkasirikia Nekesa jioni ile nzima, na kesho yake hasira ilikuwa imepungua.

Simiyu aliporudi akakuta debe liko katikati ya meza ya sebuleni, hakuna chakula. Alisimama na koti mkononi. Nikamwambia aketi. "Watu walikuwa wanasema maneno," alianza, kabla sijauliza. "Wewe mwenyewe uliniambia. Walisema nina ule ugonjwa, nimekuambukiza. Wafula aliniuliza mbele ya wazee kama nimeshindwa kulisha nyumba. Agosti nilikuwa naenda kusimama na watoto wa ndugu yangu, siku ya kutahiriwa. Ningesimama namna gani?" Nikamuuliza kama aliniona nikilia. Akasema aliniona. Nikamuuliza kama alijua mizani inapanda kwa nini. Akasema alijua. "Na kwa daktari, Baba Naliaka? Alipouliza nakula nini?" Alilikunja koti juu ya magoti. "Nilidhani itapita," alisema. "Nilidhani ukizoea mwili wako utaacha hayo mambo." Hapo ndipo moyo wangu ulipoondoka kwake, na nakumbuka vizuri kwa sababu nilikuwa nimemtazama masikio, yamejikunja kidogo kwa juu, masikio niliyoyapenda tangu ujana, na nikaona ni masikio ya mtu tu. Samli ningeimeza. Aibu yake mbele ya ndugu zake ningeielewa pia. Lakini alikuwa ameniacha nijichukie miezi yote ile, akinikanda goti kwa mikono ile ile. Wazee wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Changu nilikuwa nakifulia nguo.

Asubuhi nikanunua jiko dogo la gesi na sufuria mbili, nikaviweka chumba cha nyuma, nikaanza kujipikia. Kwa watu wa mume wangu hilo si jambo dogo. Wake wenza hupika kila mmoja chungu chake. Mke mmoja akipika chungu cha pili katika nyumba moja, anatangaza kwamba ndoa imegawanyika. Nekesa alirudi Chwele, na kabla ya Krismasi Wafula na wazee wawili wakafika Kitale kukaa kikao. Wafula akasema, "Shemeji, mwanamke akiwasha moto wake ndani ya boma ya bwana, hiyo sisi tunaita talaka." Nikamjibu, "Shemeji, mwanamume akimdanganya mke kwa chakula chake, hiyo nyinyi mnaita nini?" Mzee mmoja akakohoa, akasema hilo hawana jina lake. Wakaagiza Simiyu aombe msamaha, akaomba, wakanywa chai wakaenda. Huo ulikuwa msamaha wa kuambiwa. Wa pili aliuleta mwenyewe wiki kadhaa baadaye, akiwa amesimama mlangoni pa kile chumba cha nyuma, nami nachemsha sukumawiki. Alisema, "Pale kwa daktari nilikuuza." Huo niliupokea, na baada ya muda niliuzima moto wa nyuma, nikarudi jiko kuu.

Nilidhani samli ikitoka uzito utaporomoka. Haukuporomoka. Ulishuka kama mwanzo, kwa ubishi, mwezi mwingine kidogo na mwezi mwingine hakuna, na sukari ilitulia lakini haikuhama. Miguu yangu ninayo yote miwili. Mwili ule niliouchukia miezi ile nimeuomba radhi mara nyingi nikioga, kwa kuwa peke yake ndio haukunidanganya. Ulipopewa samli ulisema samli. Uzembe wake wa uzee niliusamehe zamani. Na Simiyu pia nilimsamehe, nasema hivyo bila mzaha, tumezeeka pamoja na sijuti kubaki.

Amestaafu sasa, na ndiye anayeamka kwanza kupika chai. Anavileta vikombe viwili barazani, chake cha sukari na changu kisicho na kitu. Kabla hajaketi anachukua changu, anaonja, kama mwenye nyumba anavyoonja pombe ya busaa kabla ya kumpa mgeni, halafu anakiweka mbele yangu. Ndipo nami nanyanyua, nakunywa. Sikuwahi kumwomba afanye hivyo. Wala sijawahi kumwambia aache.